Mtondo si Mahali

Jovitha alikuwa muuguzi hodari, ila Kiswahili cha pwani kilikuwa bado kinamchezea. Kwao ni Mbinga, na mwaka huu ndio kwanza ameletwa kwenye zahanati moja ya Gerezani kusaidia utafiti wa malaria. Watoto hamsini wenye malaria isiyo kali walitibiwa hapo, wengine kwa dawa mseto iliyozoeleka, wengine kwa mseto mpya. Kila mmoja alipimwa damu mpaka siku ya ishirini na nane, maana homa huweza kuondoka na wadudu wakabaki wamejificha. Wiki ya nne ndiyo huiumbua dawa.

Arobaini na tisa walishamaliza. Alibaki Amira wa miaka minne, mjukuu wa Bi Sitara, muuza khanga wa Kariakoo. Siku ya kwanza Amira aliutapika mseto mpya kwenye gauni la Jovitha, ikabidi apewe upya. Baada ya hapo wakawa marafiki, na Jovitha akatamani kuona mwisho wake kuliko wa mtoto mwingine yeyote.

Jumatatu alimpigia Bi Sitara simu kumkumbusha kipimo cha mwisho, Alhamisi.

"Mtondo tunaenda Kilwa, kuna harusi!" Bi Sitara alipaza sauti katikati ya kelele za sokoni. "Amira kapona, damu ya nini tena?"

Simu ikakatika, na haikupatikana tena. Jovitha akaandika kwenye faili: *Mtoto anapelekwa Mtondo, Kilwa.* Siku tatu aliamini mtoto ameshaondoka.

Alhamisi asubuhi Daktari Anuari, mzaliwa wa Pangani, alilifungua faili, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Jovitha, Mtondo ndiyo wapi?"

"Si huko huko Kilwa, daktari?"

"Mtondo si mahali, dada! Kesho, kesho kutwa, mtondo. Mmeongea Jumatatu, basi mtondo ni leo!"

Jovitha hakungoja hata kuona aibu. Alikwapua kisanduku cha vipimo akatoka mbio kuelekea Kariakoo, akikwepa mikokoteni, wachukuzi wakimfokea apishe njia, naye anacheka peke yake kama mwehu. Mtoto yuko mjini! Yuko hapa hapa!

Alimkuta Bi Sitara anafunga duka. Mabegi yalikuwa kwenye bajaji, na Amira ameketi juu yake na viatu vipya.

"Shikamoo, Bi Sitara!"

"Marahaba. We binti, nani anakufukuza?"

"Nakufukuza wewe! Kidole kimoja tu, bibi yangu."

"Mtoto mzima huyu, anakula ananimaliza. Na basi letu la saa nne, Mbagala."

"Mzima namwona. Ila wadudu hawaonekani kwa macho. Kama wamebaki, homa itampandia huko harusini, na dawa nyingine iko huku kwetu."

Bi Sitara alitazama pembeni, akaikaza khanga yake. Amira ndiye aliyenyoosha kidole.

"Hiki," alisema. "Kile kingine ulishakitoboa."

"Haya, mwenyewe kakubali. Mimi nani?"

Tone likatoka, Amira akalitazama bila kulia. Jovitha akamsihi bibi awashe simu, akarudi mbio alikotoka.

Daktari Anuari aliinama kwenye hadubini muda mrefu. Jovitha alisimama nyuma yake akiisokota aproni, akimwomba kila mtakatifu anayemjua.

"Njoo utazame mwenyewe," daktari alisema hatimaye.

Zilikuwa chembe za damu tu. Hakukuwa na mdudu hata mmoja.

Akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Bi Sitara basi lilikuwa linanguruma.

"Hakuna, Bi Sitara! Hakuna hata mmoja!"

Bibi akavuta kamasi.

"Mwanangu, nilikuwa nakukwepa. Niliogopa uje uniambie wamerudi."

Hapo akapiga kigelegele, na wanawake wa basi zima, bila kujua kisa, wakamwitikia.