Mtu Asiye na Waya

Asubuhi ya Alhamisi, jua likiwa limeshapanda, Sigrada Mlelwa aliota kwamba amechelewa kazini kwa sababu mshale aliokuwa akiufuata ulichorwa vibaya.

Hakuwa na kawaida ya kulala mpaka saa hizo. Lakini jana yake alikuwa amemaliza kazi ya wiki nyingi, na bosi wake, Mgaya, alimwambia apumzike, aje mchana. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza programu ya kuendesha vihenge vya mahindi vya mfanyabiashara mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, yale mapipa makubwa ya bati yanayoonekana kabla hujaona mji wenyewe. Programu za namna hiyo haziandikwi kwa maneno, zinachorwa. Kila kazi ni kisanduku kwenye kompyuta: kimoja kinapima, kingine kinalinganisha, kingine kinawasha mota. Visanduku vinaunganishwa kwa waya za kuchora, na kinachopita kwenye waya ndicho pekee ambacho mashine inakijua.

Pembeni ya visanduku Sigrada alipenda kuongeza picha na maelezo, ili atakayekuja baada yake aelewe. Alichora kihenge, na juu ya kihenge akamchora Chengula ameshika mti mrefu. Chengula ndiye aliyekuwa akiingia ndani kuvunja mahindi yaliyogandamana yakakataa kuteremka. Chini ya picha Sigrada aliweka kikaratasi cha njano: MTU AKIWA NDANI, USIWASHE.

Mgaya alipouona mchoro alisema, "Unapendeza. Kesho asubuhi tunawasha."

Chengula naye alichungulia kwenye kioo cha kompyuta, akasoma taratibu, akacheka. "Dada Sigrada, mbona umeninyima miguu?"

Basi katika ndoto ule mshale ulimpitisha Sigrada kwenye choo cha shule aliyosoma zamani, ukamwomba radhi, ukageuka, ukamfikisha kwenye mchoro wake mwenyewe.

Visanduku vimekuwa nyumba zisizo na madirisha. Zimepangwa kama mtaa, na waya zinapita juu yake kama kamba za kuanikia nguo. Mlangoni kimekaa kisanduku cha KULINGANISHA, kimevaa koti la mvua.

"Wewe ni zaidi au pungufu?" kinauliza.

"Kuliko nani?"

"Hiyo si kazi yangu. Zaidi au pungufu?"

"Nadhani niko sawa."

"Sawa haina njia hapa. Zungukia nyuma."

Sigrada akazungukia nyuma. Hakuona ajabu. Yeye ndiye aliyekichora hivyo.

Huko nyuma alimkuta mwanamke ameketi chini, amejifunga kitambaa cha njano chenye pembe nne. Kifuani kitambaa kilikuwa na maandishi, na mwandiko ulikuwa wa Sigrada. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa imekauka.

"Mtu akiwa ndani, usiwashe," alisema.

"Habari za kazi?"

"Nzuri. Mtu akiwa ndani, usiwashe."

"Unamwambia nani?"

"Kisanduku kile cha KUWASHA. Nakiambia tangu jana."

"Kimejibu nini?"

"Hakijui kama nipo. Mimi ni maelezo, dada. Maelezo hayana mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Sisi tunasomwa tu."

Akainuka amwonyeshe. Aliuendea ukuta wa kisanduku, akapita katikati yake kama moshi unavyopita kwenye chandarua, akatokea upande wa pili. Ndani hakikutikisika kitu. Akarudi, akaketi palepale.

"Umeona," alisema. "Na herufi kubwa uliniwekea."

Sigrada alitaka kumjibu, lakini pale walipokuwa pamekuwa jikoni kwa mama yake, kijijini. Kuta za jiko ni nyekundu, rangi ileile ya fremu anayozungushia kundi la visanduku ili vikae pamoja. Mama anasonga ugali. Mara jiko zima linasogea upande wa kushoto, pamoja na moto wake na kuku aliyelala chini ya meza.

"Shika sufuria, mwanangu," mama anasema.

"Nani anatusogeza, mama?"

"Bosi wenu. Anapanga mchoro ukae vizuri. Kilichomo ndani ya fremu kinakwenda na fremu."

"Na yule mama wa njano?"

"Kamweka nyuma ya kihenge. Alikuwa anaziba picha." Mama akachomoa ukuni mmoja. "Wewe nawa mikono, ule."

Sigrada alinawa. Alipoinua uso aliona mlangoni, mahali pa uwanja wa nyumbani kwao, kihenge kimesimama kirefu kama kilivyo kweli, na Chengula anapanda ngazi zake. Kichwa chake ni duara. Mikono yake ni mistari miwili. Miguu hana, ila anapanda vizuri tu.

"Kaka Chengula!" Sigrada akapaza sauti. "Shuka!"

"Nashukaje? Mahindi yameshikana humu. Bosi anataka kuwasha."

"Ndiyo maana nakwambia ushuke. Watawasha ukiwa ndani!"

"Haiwezekani," alisema Chengula, bila wasiwasi wowote. "Si umeandika? Nimesoma mwenyewe. Mtu akiwa ndani, usiwashe. Nikajiambia, huyu dada ametufikiria. Miaka yote nimekuwa naingia kwa kumwomba Mungu. Leo naingia nimetulia."

Akainama, akaingia kwa juu.

Jiko halikuwepo tena. Sigrada amesimama mbele ya kisanduku cha KUWASHA, ambacho ni kisafi, kina adabu, na kina matundu mawili upande wa kushoto kama masikio. Kwenye kila tundu umeingia waya. Waya mmoja unaleta habari kwamba umeme upo. Mwingine unaleta habari kwamba Mgaya amebonyeza.

"Usiwashe," Sigrada anakiambia. "Kuna mtu ndani."

"Sioni waya."

"Yule pale! Huoni?"

"Naona picha," kisanduku kinasema. "Picha nzuri. Umechora wewe?"

"Mimi."

"Hongera."

Kikawasha.

Mota ikanguruma chini ya ardhi. Ukanda wa chini ukaanza kuvuta mahindi, na bati la kihenge likawa angavu kama kioo, Sigrada akaona yote. Mahindi yalikuwa yakizama katikati kama maji kwenye sinki, na Chengula alikuwa hapo katikati. Alikuwa bado ameshika mti wake.

"Dada," alisema, "mbona yanatembea?"

"Toka, kaka! Jivute!"

"Nijivute kwa kitu gani? Miguu sina." Hakulaumu. Alisema kama anayetaja saa. Mahindi yalimfika kiunoni. "Lakini tuliandikiwa. Labda hawajasoma. Hebu wasomee."

Sigrada akasoma kwa sauti. Nyuma ya kihenge yule mwanamke wa njano akamsikia, naye akasoma. Walisoma pamoja, kwa nguvu, kama watu wanaowaita waliomo ndani ya nyumba inayoungua. Mtu akiwa ndani, usiwashe. Mtu akiwa ndani, usiwashe.

"Kuna upepo leo," kilisema kisanduku cha KUWASHA.

Hapo Sigrada aliona kwamba lazima apate waya. Akatafuta chini, hakuna. Akatafuta juu, waya zote zina kazi. Alikuwa amevaa sweta la kijani, lile la baridi ya mwezi wa sita. Akang'ata ncha ya mkono wa kushoto, uzi ukachomoka, akauvuta, mkono wa sweta ukaanza kufumuka safu kwa safu. Alipitisha uzi kwenye bati kana kwamba bati ni maji, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wa Chengula, ule mkono wa mstari. Alihisi mapigo ya moyo wa Chengula kwenye uzi. Ncha nyingine akaichomeka kwenye tundu la kisanduku, kando ya waya wa Mgaya.

"Sasa nimempata," kilisema kisanduku. "Ni kiasi gani?"

"Ni mtu!"

"Tundu hili linapokea namba."

"Ni mtu, nakwambia! Anaitwa Chengula, ana mke, ana..."

"Namba."

Mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Sigrada alijua uzito wa Chengula kwa sababu waliwahi kupimana kwenye mzani wa magunia, wakacheka siku nzima. Akasema, "Sabini na mbili."

"Kilo sabini na mbili za mahindi," kisanduku kilisema. "Asante. Nilikuwa nimepungukiwa."

Mota ikaongeza kasi.

Chengula hakupiga kelele. Aliinua mkono wenye uzi, akautazama kwa makini, kama mtu aliyevalishwa saa mpya. "Nashukuru, dada," alisema. "Angalau nimeunganishwa." Kisha mahindi yakapita juu ya duara la kichwa chake, yakajisawazisha, yakawa mahindi tu. Uzi ukakaza kwenye kidole cha Sigrada, ukakimbia, ukimchoma.

Simu ndiyo iliyomwamsha. Alikuwa Mgaya, anahema.

"Sigrada, Chengula aliingia kwenye kihenge. Sikujua. Mimi nilikuwa ofisini, nikabonyeza."

"Mmemtoa?"

"Tumekata bati. Tumemtoa." Nyuma ya Mgaya mwanamke alikuwa akilia, kilio kirefu cha sauti moja, na wanaume walikuwa wakisema sogeeni, sogeeni. "Tumemlaza hapa nje, kwenye turubai. Anayelia ni mkewe."

Sigrada alikaa kitandani. Hakuuliza swali ambalo mtu huuliza. Turubai lilikuwa limeshajibu.

"Ile karatasi yako ya njano," alisema Mgaya, "niliisogeza nyuma kidogo jana jioni, ilikuwa inaziba picha. Lakini ilikuwepo. Hata yeye aliisoma. Si tuliandika, Sigrada? Niambie. Si tuliandika?"

"Tuliandika, bosi."

"Tuliandika," alirudia Mgaya, akaanza kulia naye.

Kisha alisema katikati ya kilio. "Kuna jambo mkewe anauliza, nami sijui nimjibu nini. Chengula ana uzi mkononi. Amefungwa fundo kabisa. Uzi wa sufu, wa kijani. Mke anasema nyumbani kwao hakuna nguo ya rangi hiyo. Ni mrefu, umeingia kwenye mahindi, hatujui mwisho wake uko wapi. Vijana bado wanauvuta."

Sigrada aligeuka. Sweta lilikuwa limetundikwa kwenye kiti karibu na mlango. Mkono wa kushoto haukuwepo. Uzi ulitoka begani, ukashuka sakafuni, ukapita chini ya mlango uliofungwa, na pale begani safu za sweta zilikuwa zikiendelea kufumuka, moja baada ya nyingine, taratibu.