Msumari wa Pili

Jumanne, tarehe tisa Juni. Tangu alfajiri manyunyu hayakukatika, na baridi ilikuwa ya kuingia mifupani. Daktari wa picha alifika hospitalini amechoka hata kabla ya kuanza. Miaka kumi na tisa alikuwa akisoma picha za vichwa vya watu katika chumba chenye giza, na siku hizo hata sala yake ilikuwa imefupika: Mungu, nipe macho.

Picha ya kwanza ilikuwa ya seremala. Miezi minane nyuma, yeye mwenyewe ndiye aliyegundua kichwani mwa mzee huyo fundo la mishipa ya damu, imesokotana tangu kuzaliwa kama uzi uliochezewa na paka. Alhamisi mpasuaji alikuwa aliziba kwa mrija, bila kufungua kichwa. Lakini leo, ubavuni mwa fundo, palikuwa na uvimbe mkubwa kama ndimu.

Akafungua picha za zamani. Uvimbe ulikuwepo tangu siku ile, mdogo kama punje ya mahindi. Siku hiyo aliliona fundo, jicho likashiba, akafunga faili.

Akamwita mpasuaji. Yule akatazama kwa muda mrefu.

"Alhamisi haipo tena. Sasa lazima nifungue kichwa, nitoe vyote viwili. Atapoteza damu nyingi."

"Na miezi minane iliyopita?"

"Ingekuwa kazi nyepesi zaidi." Akajikuna shingo. "Andika tu kwamba uvimbe umeonekana leo. Si uongo."

"Wala si kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Hiyo ni ya wagonjwa, dada."

"Leo mgonjwa ni mimi."

Wakapanda wodini. Mke wa seremala alikuwa akimkata mumewe kucha; kaka wa seremala amesimama dirishani. Daktari akawaeleza yote, bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kaka mtu akageuka. "Miezi minane ndugu yangu anameza vidonge kama njugu, leo ndiyo mnatuletea pole?"

"Shemeji, mwache amalize," alisema mke.

"Nimemaliza, mama. Kosa ni langu. Mkitaka msomaji mwingine, ni haki yenu."

Seremala alikuwa akiongea polepole siku hizo, kama mtu anayeokota maneno sakafuni. "Mimi hununua mbao kuukuu, daktari. Ukikuta msumari kwenye ubao, unafanyaje?"

"Naung'oa."

"Halafu unapitisha msumeno, unagonga wa pili, meno yanang'oka. Ukikuta mmoja, ndipo unaanza kutafuta."

"Msimsikilize," alisema mkewe, macho kwenye kucha. "Yeye misumeno mitatu ameiua hivyo hivyo."

"Minne," alisema seremala. Kaka yake akakohoa, labda kuficha kicheko. "Ndiyo maana sitaki msomaji mwingine. Huyu msumeno wake umeshavunjika. Wa mwingine bado. Ila uniahidi, mwanangu, na hawa wasikie."

Daktari akashika chuma cha kitanda. Akawatazama mmoja mmoja.

"Mbele ya mkeo na kaka yako, mbele ya daktari huyu, na Mungu akisikia: picha zako nitazisoma upya leo, zote, tangu ya kwanza, na siku ya upasuaji nitakuwa chumbani humo. Na kila kichwa kitakacholetwa kwangu, nikikuta msumari mmoja, nitatafuta wa pili."