Taa ya Mlangoni Kilimani Garvie

Jua la mwezi wa Juni huko Rasi ya Garvie, kusini ya mbali ambako Juni ni majira ya baridi, halina subira. Saa kumi na moja jioni limekwisha kujitumbukiza baharini, na hapo Bi Una Galbraith huwasha taa ya mlangoni mwa kanisa. Alikuwa mjane wa mwaka wa kumi na nne na mtunza funguo. Taa ile ilikuwa na kazi moja. Kila Jumatano Mzee Wattie Soper, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja na macho yanayotambua mwanga na giza tu, alipanda kilima kwa miguu kuja kusali, akiifuata nuru ile kama mtu aliyeshika kamba. Bila taa, hakujua lango liko wapi wala korongo liko wapi. Na korongo lilikuwapo.

Balaa ni kwamba kilima kilitazama kusini, na Denzil Prout alikuwa amekigundua.

Denzil alistaafu kuuza matrekta akawa mtabiri wa mianga ya kusini, ile nuru ya rangi inayocheza angani usiku. Alikuwa na simu mbili, wafuasi wengi, na koti la mifuko kumi na sita. Utabiri wake haukuwahi kukosea, maana siku zote aliandika "huenda". Mianga isipotokea, alisema imetokea nyuma ya mawingu. Pasipokuwa na mawingu, alisema ilikuwapo ila macho ya binadamu ni dhaifu, waulizwe wenye kamera.

"Bi Una, taa yako inatuharibia picha," alimwambia Jumatatu. "Jumamosi watu wa Garvie wanapigia kura hoja ya kuiondoa kabisa. Lakini Jumatano ndiyo siku yenyewe, jua limerusha dhoruba, na dhoruba ndiyo huwasha mianga. Izime jioni moja tu."

"Na Mzee Wattie?"

"Nitamleta mwenyewe kwa gari. Neno la mtabiri hilo."

"Hapo ndipo ninapoogopa," alisema Bi Una. Lakini akakubali, kwa kuwa mtu akitoa ahadi mbele ya mlango wa kanisa, si vizuri kumwambia usoni kwamba humwamini.

Jumatano ikafika. Denzil alitangaza namba saba kati ya tisa katika kipimo cha nguvu ya mianga, saa kumi na mbili na nusu. Watu kama arobaini walijipanga uani na tochi zao nyekundu, kila mmoja ameinamia simu yake kutazama kama mbingu imeanza. Bwana mmoja aliwasha kiberiti, akazomewa kama aliyetukana madhabahuni. Bi Una alipitisha sinia la mikate ya jibini ya kukunja, moto kutoka jikoni, akipapasa mikono ya watu gizani.

Ghafla upeo wa bahari ukawa kijani.

"Imetokaaa!"

Kamera zikalia kama panzi. Mama mmoja akaangua kilio. Denzil alikuwa tayari anaongea na redio, sauti imemnenepa, anaeleza jinsi alivyoihisi tangu asubuhi.

Bi Una, ambaye marehemu mumewe alivua bahari ile miaka thelathini, alikunja macho. "Denzil, zile ni meli za kuvua ngisi. Ni taa zao za kuwavutia."

"Bi Una, hii ni sayansi."

"Sayansi yako inageuza pua ya meli, itazame."

Mwenye lenzi ndefu akachungulia, kisha akasema polepole, "Naona bendera... na mtu anavuta sigara."

Yule mama aliyelia akaanza kufuta picha. Punde simu zikasema namba imeshuka hadi mbili, na umati wote ukateremka kwenda baa, ukililaumu jua.

"Denzil!" Bi Una aliita. "Mzee Wattie yuko wapi?"

Denzil akajishika paji la uso. "Lo! Nilisema nikimfuata, taa za gari zitaharibu picha... nikaona nitamfuata baadaye..."

Hakusikilizwa hadi mwisho. Bi Una alibonyeza swichi ya taa, akashuka kilima kwa kasi ambayo goti lake halikuwa limeipanga, huku akimwomba Mungu kwa maneno mafupi. Denzil alishuka kwa njia ya gari kwenda kumtafuta nyumbani kwake. Alipomkosa, akaona kafika kanisani, akapitia baa.

Mzee Wattie alikuwa amesimama kando ya korongo, mikono miwili kwenye waya wa ua, hajasogea.

"Ni wewe, binti yangu? Nilikuwa najiuliza kama Mungu amekatiwa umeme."

"Nisamehe, mzee. Kosa ni langu, niliizima."

"Sasa naiona. Twende."

Walipofika katikati ya mteremko, mzee akasimama. "Una, taa yako iko mbele. Ile nyingine huku juu ni ya nani?"

Bi Una aliinua kichwa. Mbingu yote ya kusini ilikuwa imesimamisha nguzo nyekundu na za kijani, zinatembea.

"Ni mianga, mzee. Mikubwa."

"Na Denzil?"

"Yuko baa."

Walicheka hadi wakakaa kwenye nyasi zenye barafu, na sala ya jioni wakaisalia hapohapo.

Asubuhi Denzil alibisha hodi, macho mekundu. Vipimo vilionyesha mianga ilifika kileleni saa moja na dakika ishirini. Miji yote ya jirani ilikuwa na picha. Garvie haikuwa na hata moja.

"Niandikie ushahidi, Bi Una. Useme tu utabiri ulitimia. Wafuasi wananikimbia."

Bi Una aliandika alichokiona, si zaidi: *Saa moja na dakika ishirini, mianga nyekundu na ya kijani ilionekana kwa macho matupu kutoka kilimani, taa ya mlangoni ikiwa inawaka.*

"Hayo maneno ya mwisho hatuyahitaji," alisema Denzil.

"Ukikata mwisho, nakata na mwanzo. Ushahidi ni mmoja."

Denzil alizungushazungusha kofia mikononi. Kisha akaichukua karatasi nzima, akaibandika dukani mwenyewe. Jumamosi kila mpiga kura alikuwa amekwisha kuisoma, na hoja ya kuiondoa taa ilipata kura mbili.

Jumatano iliyofuata Mzee Wattie alifika kwa wakati, akapangusa viatu.

"Mtabiri kasemaje leo?"

"Kasema huenda."

"Basi funga mlango, baridi inaingia. Taa iache."