Funda Moja Hivi

Jirani yetu Bi Mastura huwasimulia watu hapa Pongwe kwamba siku ile mtoto Idarusi alikunywa chupa nzima ya mafuta ya taa, akalegea kama mlenda, nami Mboni nikamkabili daktari wa Kizungu hospitalini Tanga, nikamwaga Kiingereza mpaka daktari akavua kofia. Kila akisimulia, Kiingereza changu huongezeka. Juzi kisimani nilisikia kuwa nilizungumza saa nzima.

Mimi nimeishia darasa la nne. Daktari hakuwa na kofia. Na maneno niliyokuwa nayo siku ile hayakujaa kiganja, yote nimepewa na dada Benedikta.

Benedikta kwao ni Gare, milimani. Mumewe, Luka, alikata mkonge shambani, na Benedikta alikuwa yaya nyumbani kwa meneja wa shamba. Tulizoea kuchota maji pamoja, na siku moja nikamwuliza huelewana vipi na memsabu wake, mke wa meneja.

"Huyo huniuliza kila siku," akasema. "Mtoto kanywa maziwa kiasi gani, kalala muda gani. Mie nimepima? Basi naweka 'abauti' mbele. 'Abauti' ni kama ngata hii." Akagusa kitambaa alichokiviringisha kichwani chini ya mtungi. "Mzigo unakaa, na kichwa hakiumii. Ukitaja namba kavu ikakosea, wewe mwongo. Ukiweka 'abauti', umesema ulichokiona."

Akanipa na mengine: 'samu', kwa kitu ambacho ni baadhi tu, 'niali', kwa kilichokaribia kufika, na namba mbili za mwanzo, 'wani' na 'tu'. Nikawa nayarudia njiani, maji yakinimwagikia shingoni. Bi Mastura alinisikia akacheka.

"Wee Mboni, Kiingereza cha karibu-karibu utampelekea nani? Wenzio wajifunza kusema 'nataka', wewe wajifunza kusema 'sijui vizuri'."

Siku yenyewe dada yangu Sabiha alikuwa uani akipepeta mchele, mimi nasuka ukili chumbani. Idarusi, mwanawe, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Akaivuta chupa iliyowekwa nyuma ya mlango. Nilimwona akiiinua. Kabla sijamfikia alikuwa keshapiga funda, akapaliwa, chupa ikamponyoka, mafuta yakaenda shatini na sakafuni. Bi Mastura aliingia kwa kilio cha mtoto, akaikuta chupa tupu. Kwake yeye ushahidi ulikwisha hapo.

Lakini aliyesimama katikati ya barabara hadi lori la mkonge likafunga breki ni yeye pia, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Hospitalini akawahi kumweleza dresa, msaidizi wa daktari, Bwana Tadeo. "Chupa nzima, mwanangu. Hata tone hakubakisha."

Sabiha alikuwa analia tu. Bwana Tadeo akamfasiria daktari, daktari akasema neno, na Bwana Tadeo akatoka mbio kwenda kuleta mpira mrefu wa kutia kooni, wa kuyatoa mafuta tumboni. Idarusi alikuwa mikononi mwa daktari akikohoa, na kifua chake kikipanda kwa shida.

"Si chupa," nikasema. Daktari akanitazama bila kuelewa, na wa kufasiri hayupo. Basi nikalishika shati la mtoto, nikalikamua mbele yake.

"Samu," nikasema. Nikaonyesha kidole chini, kama kwamba sakafu ya kwetu ilikuwa pale. "Samu." Kisha nikaugusa mdomo wa Idarusi. "Abauti wani." Nikavimbisha mashavu yangu, nikameza, apate kuona funda ni kitu gani.

Daktari akainama akalinusa shati. Akaniuliza jambo, uso umekaza. Maneno yake sikuyajua, lakini macho yake yaliuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa nilichokuwa nacho.

"Abauti," nikasema, nikainua vidole viwili. "Niali tu."

Bwana Tadeo aliporudi na mpira, daktari alitikisa kichwa. Wakasemezana, kisha Bwana Tadeo akatugeukia. "Anasema kama ni funda, au hata mawili, mpira hautiwi. Ungeyapandisha mafuta yakaingia mapafuni. Tutamlaza, tumwangalie."

"Umemwambia nini?" Bi Mastura akaninong'oneza.

"Nilichokiona."

Idarusi alikohoa mpaka alfajiri. Jua lilipotoka akalilia uji, na Sabiha akacheka na kulia kwa pamoja. Alhamdulillahi.

Tuliporudi Pongwe nilikwenda moja kwa moja kwa Benedikta na mkeka niliousuka mwenyewe, na kuku kutoka kwa Sabiha. Nikamkuta amefunga mizigo. Mkataba wa Luka ulikuwa umekwisha, wanarudi Gare siku ile ile, na Luka alikwishatangulia barabarani. Nilimsimulia yote. Nilipofika kwenye mashavu alicheka hadi akakaa chini, kisha akafanya ishara ya msalaba.

"Mie nilikupa maneno ya maziwa tu," akasema. "Kuyafikisha hospitali ni wewe."

"Bila wewe ningesimama pale kama nguzo."

Akaukunja mkeka wangu, akautia ndani ya sanduku lake usilowe mvua. "Nitakuja kuwatazama."

"Lini?"

"Abauti mwezi wa sita. Mahindi yakishavunwa."

"Dada Benedikta, leo itoe hiyo ngata. Nitajie siku, nimchukue Idarusi tuje kukupokea barabarani."

Akaviringisha kitambaa chake polepole, akakiweka kichwani, akainama nimtwike sanduku. Nikamtwika.