Pasi kwa Asiyeita

Kozi aliyokuwa akisoma Jafari Mhina huko Muheza ilifutwa mwezi Februari kwa tangazo la nusu ukurasa. Wanafunzi thelathini na mmoja waligawanywa katika vyuo vitatu, na Jafari akaangukia Lushoto. Alipanda mlima kutoka Mombo akiwa na begi moja, jozi ya njumu na barua ya uhamisho. Barua ilisema kwamba masomo aliyofaulu mwaka wa kwanza hayatambuliki kwenye mtaala wa huku, kwa hiyo ataanza upya. Katika vyote alivyokuwa navyo Muheza, kimoja tu hakikutajwa katika barua ile: kule alikuwa namba kumi, mtu ambaye kila shambulizi lilipitia miguuni kwake. Hicho hakuwa tayari kukianza upya.

Uwanja wa chuo kipya ulikuwa kipande cha mlima kilichochongwa kwa majembe. Upande mmoja ulisimama ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili matuta ya kabichi yalishuka hatua kwa hatua mpaka yakapotea. Kuanzia Mei, ikifika saa tisa alasiri, ukungu ulipanda kutoka bondeni na kukaa uwanjani kama mtu aliyekuja kwake. Haukuwa mzito wa kuzuia mchezo. Ukisimama katikati uliiona milingoti ya pande zote mbili, na kwa sheria hilo lilimtosha mwamuzi. Kilichopotea ni rangi. Jezi za kijani na jezi za njano zote ziligeuka kijivu, na watu wakawa vivuli vinavyoelea juu ya majani, kila kimoja sawa na kingine.

Kocha alikuwa Mwalimu Sesilia, mwalimu wa hisabati, mwanamke mwembamba aliyevaa koti la mvua hata siku za jua. Jafari alimwamkia, akaitikiwa, akaulizwa anacheza wapi. Alipojibu, mwalimu aliandika kwenye daftari bila kuinua kichwa. Alimweleza kwamba namba kumi anaye tayari, Yohane wa mwaka wa pili, na kwamba basi la kwenda Tanga kwenye mashindano ya vyuo lina nafasi ya wachezaji kumi na wanane. Mchezeshaji ni mmoja. Orodha ataibandika Jumatatu baada ya mechi ya kirafiki na watu wa Korogwe. Wiki tano zilikuwa zimebaki.

Jafari alikuwa mchezaji wa macho. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshatazama kushoto na kulia, na picha ya uwanja imekaa kichwani mwake. Huku picha hiyo ilikuwa ukungu mtupu. Alichokipata badala yake ni sauti. Kila mchezaji aliita, na kila mmoja kwa namna yake. Kristofa, beki wa kati, alitoa mwito mzito kama ng'ombe aliyekatishwa usingizi. Edgar wa winga ya kulia alipiga mluzi. Kornelio, mshambuliaji, aliita kwa sauti nyembamba isiyofanana kabisa na kifua chake. Waliita wakiwa na mpira na wakiwa hawana, wakiita tena na tena, na sauti zile zilizunguka ndani ya weupe kama ndege wasioonekana.

Kule Muheza mtu akiita anaomba mpira. Kwa hiyo Jafari aliwapa walioita. Mipira ilifika, lakini ilifika kwa watu waliosimama, na kila aliyeupokea aliutazama kama mtu aliyeletewa barua ya jirani. Baya zaidi, mipira iliyotumwa kwake yeye ilipita mbali. Kristofa alimpigia pasi nne alasiri ya kwanza, na zote zilikwenda mita kumi mbele yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Jafari alidhani beki yule hana shabaha. Baadaye akadhani anafanya makusudi.

Mwalimu Sesilia alimsomea hesabu yake mwisho wa wiki ya pili: pasi arobaini na nne, zilizofika thelathini na sita, zilizovunja safu ya ulinzi, sifuri. Hakuongeza neno. Wenzake ndio walioongeza. Edgar alisema mtu wa nyika anasubiri jua litoke ndipo aanze kucheza. Mwingine akasema basi apigiwe simu akiwa uwanjani. Yohane, ambaye angeweza kucheka kuliko wote, aliendelea kufunga kamba za viatu vyake.

Hakuna aliyemweleza kitu, na haikuwa roho mbaya kwa wengi wao. Mtu hamwelezi mwenzake jinsi ya kutembea.

Jumapili ya wiki ya nne Kornelio alimchukua kwao Mgwashi, upande wa Bumbuli. Walifika wakati mama yake, mama Esta, anatoka na wanawake watatu kwenda kukata majani ya ng'ombe. Jafari alimpa shikamoo, akapewa marahaba na mundu. Mteremko ulikuwa mkali, na ukungu ulikuwa umeulaza mlima kama mtoto. Wanawake walitawanyika, na kufumba na kufumbua wakatoweka. Kisha wakaanza kuita.

Haukuwa wimbo wala mazungumzo. Mmoja aliita kutoka juu, mwingine kutoka chini, wa tatu kutoka kwenye migomba, na kati ya mwito na mwito palisikika mundu tu ukikata. Jafari alikata majani na kusikiliza. Ilimjia hali ya mtu aliye kati ya usingizi na kuamka, anayesikia nyumba nzima ikiendelea bila yeye. Baada ya muda mama Esta aliacha kukata. Jafari hakuwa amesikia chochote kipya, na kumbe kutosikia huko ndiko kulikomsimamisha mama yule. Sauti moja ilikuwa imekosekana. Mama Esta aliweka mundu chini, akashuka moja kwa moja kuelekea mahali pasipo na sauti, na wengine wakashuka vilevile bila kuulizana. Walimkuta Marta, mdogo wao, ameinama chini ya mzigo mkubwa anaouhamishia tuta la chini, pumzi za kuita hana. Wakamtua, wakamgawia mikono yao, wakarudi kazini.

Njiani kurudi Jafari aliuliza walijuaje. Kornelio alimtazama kwa mshangao wa kweli.

“Anayeita yuko pale alipo. Hana shida, hana safari,” alisema. “Aliyenyamaza ndiye ameondoka. Huyo ndiye unayemfuata.”

“Na uwanjani?”

“Uwanjani kuna nini? Ni mlima uleule.”

Walipofika Soni ndipo Jafari alipoelewa. Wiki nne alikuwa amewapa mpira watu waliokuwa wakimwambia kwa sauti kubwa kwamba hawauhitaji.

Jumamosi ya mechi alianza yeye. Mwalimu Sesilia alimwambia atampa dakika sitini, kisha ataingia Yohane, na mwenye hesabu nzuri ndiye atakayepanda basi. Watu wa Korogwe walikuwa wepesi na wenye nguvu, na kabla ukungu haujatulia walikuwa wameshafunga goli moja. Kisha rangi zikapotea.

Sasa Jafari aliacha kutazama. Mpira ulipomfikia alihesabu sauti: mwito mzito nyuma, mluzi kulia, ile nyembamba ya Kornelio mbele. Mabeki wa Korogwe walizikimbilia sauti hizohizo, kama mgeni yeyote angefanya. Dakika ya thelathini mluzi wa Edgar ulikatika. Jafari aliupiga mpira mbele ya pale ulipokatikia, mahali patupu, na utupu ule ukatoa mguu ukaupokea. Krosi ilipita juu ya mwamba wa goli. Mara mbili nyingine alifanya hivyo, na mara zote mtu alikuwepo.

Lakini mipira mitatu haimfanyi mtu namba kumi. Tatizo lilikuwa kwamba mpira wenyewe ulimfikia kwa nadra. Kristofa aliendelea kumpigia mbali, mbele, kwenye majani matupu, na Korogwe wakaendelea kuuokota. Dakika ya hamsini na mbili, pasi ya namna hiyo ilipompita kwa mara ya sita, Jafari alirudi nyuma hadi akakiona kivuli kipana cha beki yule.

“Kaka, mimi nipo hapa. Unampigia nani kule?”

“Wewe,” alisema Kristofa. “Nilijua umekwenda.”

“Nimekwenda wapi?”

“Nitajuaje? Huiti.”

Alilisema hilo bila hasira, kama mtu anayetaja saa. Jafari alisimama. Alipitisha haraka kichwani wiki zote tano, kila pasi iliyompita, kila lawama aliyokuwa amemwekea Kristofa moyoni. Kumi waliita, yeye hakuita hata mara moja. Kwa masikio yao alikuwa mtu anayekimbia daima, asiyefika popote, na kwa uaminifu kabisa walikuwa wakimpelekea mipira huko alikokuwa anakwenda.

Pembeni, Yohane alikuwa ameshavua koti na ananyoosha misuli.

Jafari alifungua kinywa. Hakuwa na mwito wa kwake. Kilichotoka ni kile alichokijua tangu utotoni, mlio wa wachuma machungwa wakiwa juu ya mti, wa kuwaonya walio chini kwamba gunia linashuka: hooo, mrefu, unaopanda mwishoni. Ulikwenda ndani ya ukungu, na kwa sekunde moja sauti nyingine zote zikanyamaza kwa mshangao. Edgar alicheka mahali fulani. Kisha miito ikarudi, na safari hii ilikuwa imejipanga kumzunguka yeye.

Mpira uliofuata ulitua mguuni pake kama umewekwa kwa mkono.

Kwa dakika zile chache zilizobaki Jafari hakuwa na hakika kama anacheza au anaota mchezo. Aliita, ukaja, akanyamaza, akasogea, ukamkuta mbele. Uwanja wote ulikuwa sikioni mwake, mpana na wazi kuliko alivyowahi kuuona kwenye jua la Muheza. Dakika ya hamsini na nane sauti nyembamba ya Kornelio ilikatika. Jafari hakuinua kichwa. Aliupitisha mpira katikati ya vivuli viwili, ukaingia kwenye weupe, ukapotea. Hakuna aliyeita. Kisha akasikia wavu, na baada ya wavu, filimbi.

Mwalimu Sesilia alitazama saa yake, akaandika, akamwambia Yohane avae koti.

Mechi iliisha kwa sare ya goli moja kwa moja. Jumatatu orodha ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, na mbele ya namba kumi palikuwa na jina la Jafari Mhina. Alilisoma mara mbili, kisha akamwona Yohane amekaa kwenye ngazi, na kwa vile hakujua la kusema, akakaa karibu naye.

“Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza kwamba huiti,” Yohane alisema.

“Na hukuniambia.”

“Niliitaka nafasi.”

Jafari alilipima jibu hilo, akaliona halina kosa. Angekuwa yeye, asingesema pia, na hilo halikumpendeza, lakini lilikuwa kweli. Walikaa wakitazama wanafunzi wakija kusoma orodha na kuondoka.

“Sikiliza,” Yohane alisema hatimaye, akiinuka na kujipangusa suruali. “Edgar akipiga mluzi mara mbili mfululizo, anadanganya. Hayupo hapo. Ameshakwenda.”