Kiungo Kipya cha Profesa Hilaire

Léontine alikuwa amefanya kazi ya maabara miaka kumi na moja, na mikono yake ilijua: jani likatwe shambani, vipande visizidi milimita moja, vikatwe ndani ya dawa ya kuhifadhi ili seli zibaki kama zilivyokuwa zikiwa hai. Kisha vinapitishwa kwenye alkoholi, vinagandishwa ndani ya resini na kukatwa vyembamba sana kwa ajili ya hadubini ya elektroni.

Siku waliyokwenda kijiji cha Bihambwe, mkuu wake, Profesa Hilaire, alichuma majani ya maharagwe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kamera. Kisha akawahutubia wakulima juu ya sayansi kwa muda wa saa tatu, majani yakiwa juani ndani ya kofia yake.

"Prof, majani inakufa," Léontine akamnong'oneza.

"Ukate bikubwa, Mama Léontine. Bikubwa njo bitaonekana muzuri."

Akakata vikubwa kama kucha. Dawa haikufika katikati.

Miezi miwili baadaye picha zilirudi kutoka ng'ambo: kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani vya seli, zimevimba, utando umepasuka, na kila mahali mashimo meupe ya duara. Profesa akavua miwani, machozi yakimlengalenga. Kiungo kipya cha seli! Akakiita hilairosomu. Kufikia Jumapili kilikuwa kimeshaombewa kanisani.

"Prof, ile iko mashimo ya kuoza."

"Mashimo haiwezi kuwa mingi vile bila sababu, mama."

Léontine alikwenda kijiji cha Kingi, kwenye shamba la shemeji yake Mukandori, chupa ya dawa ikiwa ndani ya barafu. Akapiga magoti kati ya maharagwe ya aina ileile, akakata kwa wembe mpya. Picha zake zilikuja safi, kila utando mahali pake. Hilairosomu, hata moja. Akaziweka mezani kwa Profesa huku akijitahidi asitabasamu.

Profesa akazipitia moja moja. Halafu akaruka kutoka kitini.

"Unaona? Iko Bihambwe tu!"

Makala ya Profesa yakatoka. Léontine alishukuriwa chini kabisa, kwa kubeba sanduku la vifaa. Muda si muda barua zikaingia: watafiti wa nchi nyingine walikuwa wamekitafuta kiungo wakakikosa, sasa wanaomba maelezo kamili ya utayarishaji. Profesa akamtupia Léontine kazi ya kuandika. Naye akaandika kila hatua kama ilivyofanyika Bihambwe, kofia, saa tatu za jua na vipande vikubwa kama kucha, bila kuongeza wala kupunguza. Profesa akatia sahihi bila kusoma.

Mwezi uliofuata, watafiti wawili walijibu kwa shangwe kwamba wamefuata kila hatua, na wamekiona.