Kila Mtu Arudi na Yake

Mke wa mlinzi alipanda ngazi za ofisi akiwa na unga kwenye mikono ya gauni. Alitoka bekari moja kwa moja, na hakuona sababu ya kujipamba kwa ajili ya watu waliomwacha mumewe rumande katika nchi ya watu.

Chini palikuwa na duka la matairi, kwa hiyo hata huku juu kila kitu kilinuka mpira. Mwenye kampuni ya walinzi wa melini, ofisa mstaafu wa jeshi ambaye wote walimwita Afande, alimvutia kiti.

"Karibu, shemeji. Pole sana."

"Sijapoa. Mume wangu anatoka lini?"

Afande alieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Bunduki za walinzi ni za bahari kuu tu. Meli ikiingia maji ya nchi nazo bila kibali, ni jinai. Ndiyo maana huzikabidhi kwanza kwenye meli ya ghala, iliyotia nanga nje ya mipaka. Safari hii injini ilizima kabla hawajafika ghalani, mkondo ukawasukuma ndani. Nahodha akaamuru silaha zote zitupwe baharini. Walinzi wengine walitupa. Mumewe alifunga yake kwenye nailoni, akaichomeka ndani ya godoro. Polisi walipopanda, walibonyeza kitanda tu, wakaipata.

"Amekaidi amri ya nahodha," Afande alimaliza. "Wenzake wapo makwao, wanakula na watoto."

"Wakili je?"

"Wakili tumemweka. Atasema hivyo hivyo, kwamba alikaidi. Mumeo atakiri, atafungwa, mambo yataisha."

Kuna jambo mke alilijua. Jana yake Dobi, mmoja wa wale waliorudi, aliyepewa jina hilo kwa kufua nguo melini kutwa nzima, alifika mlangoni kwake akasema kabla hata hajakaribishwa. Siku ya kuondoka Afande aliwapanga mstari ofisini humu akawaambia bunduki zimezidi kupotea, kampuni itafutiwa leseni. "Safari hii kila mtu arudi na yake. Atakayekuja mikono mitupu, asije." Wenzake waliona ni kelele za bosi. Mumewe aliona ni amri. Siku ya harusi yao, akiwa bado jeshini, wanajeshi wenzake walimtania bibi harusi kwamba anaolewa mke wa pili, wa kwanza ni wa chuma, na bwana harusi peke yake ndiye hakucheka.

"Kamwambie hakimu hayo," mke alimsihi Dobi. Hakimu akijua mtu alikuwa katikati ya amri mbili, huenda akamwachia.

"Shemeji, nina watoto. Nikisema, kazi sina."

"Na wangu ni vifaranga?"

Dobi alitazama viatu vyake, akaondoka.

Sasa simu ya Afande iliita. Ilitoka rumande. Afande aliiweka juu ya meza, sauti nje, wote wasikie.

"Mama watoto?" Sauti ya mumewe ilikuwa ya mtu mwenye mafua. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Unakula?"

"Nakula. Mdogo meno yameota?"

"Yameota, ananing'ata kama panya. Sasa nisikilize, usizunguke. Kesho mahakamani sema ukweli. Sema nani alikwambia urudi na bunduki."

Mke aliinama hadi pua ikakaribia kugusa simu.

"Sema, baba. Mimi najua. Wewe ndiye wa kusema."

Afande alikohoa. Kikohozi kidogo tu, cha kusafisha koo.

"Afande yupo hapo?" mumewe aliuliza.

"Nipo, kijana."

"Jambo afande!" Mafua yalipotea. Mke alimwona kabisa huko aliko, visigino pamoja, kidevu juu, amesimama wima mbele ya ukuta. "Hakuna aliyeniambia, afande. Niliamua mwenyewe."

"Wewe mwanamume!" mke alipiga kelele. "Mimi ndiye naongea na wewe!"

"Afande, wameichukua lakini haikuingia maji. Niliipaka mafuta, nikaifunga vizuri. Wakiirudisha itakuwa safi."

"Vizuri, kijana."

"Mama watoto, usi..." Simu ilikatika. Muda wa simu huko rumande ulikuwa umekwisha.

Afande alichukua simu yake, akaifuta unga kwa kidole gumba. "Umesikia mwenyewe. Askari mzuri sana yule."

"Mzuri kwako," alisema mke, akasimama. Hakutaka kulia mbele ya mtu yule.

Kwenye ngazi alikutana na Dobi akipanda, begi begani, buti zimepigwa rangi. Walibanana ukutani. Hakuna aliyemsalimu mwenzake.

"Ni nafasi ya mume wangu hiyo?" mke aliuliza.

"Kuna meli inaondoka, shemeji. Walikuwa wanataka mtu."

Alimtazama. Hasira yote aliyokuja nayo ilikuwa imemwishia pale mezani. Alimshika Dobi mkono wa shati, akamwachia alama nyeupe.

"Ukiambiwa tupa, tupa. Umenisikia?"

Dobi alitazama juu, kwenye mlango wa Afande.

"Ameshatupanga mstari asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mtu arudi na yake."